Wasomaji Wanauliza: Nimezaliwa Hapa, Nitakuwa Mgeni Hadi Lini?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nilizaliwa Ulyankulu mwaka 1986, mtoto wa tatu wa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa bado vijana. Wakati wa kuandikisha waliotaka uraia nilikuwa nimekwenda Kigoma kutafuta kazi katika mitumbwi ya dagaa, na ujumbe wa nyumbani ulinifikia zoezi likiwa limekwisha. Leo baba, mama na wadogo zangu wana vyeti vya uraia, mimi sina. Nina mke na watoto, nalima tumbaku, na Kirundi nakisikia tu bila kukisema vizuri. Je, mimi ni nani kisheria, na nifanye nini?
Msomaji wa Ulyankulu, Tabora

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu wako wengi wanaobeba mzigo kama wako bila kuuandikia barua.

Kwanza sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja njia tatu za kuwa raia wa Tanzania, nazo ni kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia na kukubaliwa. Ukisoma kifungu kinachohusu kuzaliwa, unaweza kudhani kwamba kila aliyezaliwa katika ardhi hii baada ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wachache wengine. Hata hivyo, katika utendaji, ofisi zetu zimekuwa zikidai kwamba angalau mzazi mmoja awe raia siku mtoto alipozaliwa, na wazazi wako mwaka 1986 walikuwa wakimbizi. Kwa hiyo njia iliyo wazi mbele yako ni tajnisi, na unaomba kwa jina lako mwenyewe, kwa kuwa cheti cha baba hakimfuniki mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Masharti yake unayatimiza kuliko unavyofikiri. Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na mwenendo mwema. Awe na mchango kwa ustawi wa nchi. Na akusudie kuendelea kuishi hapa. Anatakiwa pia kutangaza nia yake gazetini, ili mwenye pingamizi aliseme, kisha maombi hupitia ngazi za chini na kamati za usalama hadi kwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani.

Nakushauri uanze na karatasi. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza bibi mmoja wa huko kwenu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alikuja na mfuko wa nailoni aliouzungushia kitambaa, na alipoufungua juu ya meza nilihesabu kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza, stakabadhi za tumbaku aliyouza katika chama cha msingi, risiti ya mchango wa ujenzi wa zahanati, na barua ya mtendaji iliyokwishaanza kupasuka mahali ilipokunjwa. Yule ofisa aliupokea mfuko, akaurudisha, akasema jalada lake halionekani. Tulirudi mara nne. Hakuna mara hata moja tuliyoambiwa tarehe ya kupata jibu, wala hatukupewa karatasi inayoonyesha kwamba tulifika. Bibi yule alikuwa na ushahidi wa maisha yake yote mkononi, na asichokuwa nacho ni mtu aliyelazimika kumjibu.

Hapo ndipo ninapoona kasoro yetu kubwa. Watu wengi hudhani kwamba Tanzania imewafungia mlango wageni wake wa siku nyingi, na hilo si kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Medali ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa, kwa jinsi alivyowatendea wakimbizi. Mwaka 2007, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliandikishwa watu wapatao 218,000. Kila mmoja aliulizwa kama anataka kurudi Burundi au kubaki, na takriban wanne kati ya watano walichagua kubaki. Zaidi ya 162,000 wakakubaliwa. Ni nchi chache sana duniani zilizothubutu kufanya jambo la ukubwa huo kwa mkupuo mmoja, nami naliona kuwa la fahari kwetu.

Lakini tazama kilichofuata. Uamuzi ulifanyika kufikia mwaka 2010, vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Katikati ya hapo palikuwa na mpango wa kuwahamisha watu hao na kuwatawanya katika mikoa mingine, cheti kikafungwa na sharti la kuhama, na mpango wenyewe ukakwama. Kwa miaka hiyo minne watu waliokwisha kuukana uraia wa zamani waliishi bila kushika mkononi uraia mpya. Wazee wa Ulyankulu watakusimulia jinsi mtu alivyosita kuezeka nyumba kwa bati, kupanda miembe, hata kujenga kaburi la mzazi kwa saruji, kwa kuwa hakujua kama mwaka ujao atakuwa hapo. Kulikuwa na ukarimu wa kutosha wa kuamua, na haukuwekewa kalenda.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazazi wako tuliwapa jembe. Walifyeka msitu wa Ulyankulu, na kufikia mwaka 1985 makazi yale yalikuwa yakijilisha yenyewe na kuuza mazao nje. Mtu uliyempa jembe akalima ukala, huwezi kumuuliza mjukuu wake amekuja lini.

Kwa hiyo, pamoja na kukushauri uombe, naomba wanaotunga sheria wasome ukurasa huu. Sheria yetu ya sasa haimlazimu waziri kueleza sababu ya kumkatalia mwombaji, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Sipingi kwamba dola ina haki ya kuchagua raia wake na kuchunguza usalama wake. Ninachosema ni kwamba haki hiyo haipungui hata kidogo ikiwekewa muda wa kujibu na sharti la kuandika sababu. Mwombaji apewe stakabadhi siku anapowasilisha fomu. Pawe na idadi ya miezi inayojulikana. Akikataliwa aambiwe kwa nini, ili kama ni karatasi iliyokosekana akaitafute, na kama ni fitina ya jirani apate nafasi ya kujitetea. Na kwa wale waliokuwepo mwaka 1972 na vizazi vyao, ushahidi wa kijiji, wa chama cha msingi, wa shule na wa kanisa au msikiti uhesabike kuwa ushahidi kamili, kwa sababu hizo ndizo karatasi ambazo maisha yao yalizitoa.

Jambo la mwisho kwako linahusu watoto. Hukuniambia uraia wa mke wako. Kama yeye ni raia, iwe kwa kuzaliwa au kwa tajnisi, watoto waliozaliwa hapa akiwa tayari raia ni raia wa kuzaliwa, na shaka iliyo juu yako haiwagusi. Wakatie vyeti vya kuzaliwa sasa, usisubiri suala lako liishe. Cheti hicho peke yake hakimpi mtu uraia, ila kinathibitisha mahali alipozaliwa na wazazi wake ni nani, na hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayoulizwa akifika umri wa kitambulisho cha Taifa.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, Muha wa Kasulu. Nimeolewa na Mrundi tuliyekutana sokoni, tuna watoto watatu. Jirani yangu mwanamume ameoa Mrundi, na mke wake aliomba uraia kwa njia ya ndoa. Mume wangu aliambiwa njia hiyo haimhusu. Ni kweli? Na usiku, basi likisimamishwa kwenye kizuizi, yeye hushushwa na mimi nabaki na watoto kwenye kiti. Mdogo wetu ameanza kulia kila basi linapopunguza mwendo.
Mama wa watoto watatu, Kasulu

JIBU: Pole sana, dada yangu. Ulichoambiwa ni kweli, na ni kweli inayouma. Sheria ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia njia yake ya kuomba kwa sababu ya ndoa. Mwanamume mgeni aliyemwoa raia haikumwekea njia hiyo, bali inamtaka aombe tajnisi kama mgeni mwingine yeyote. Aliyeiandika alidhani kwamba mke humfuata mume na kwamba mume hamfuati mke. Sioni sababu yoyote ya kuendelea nayo. Nyumba yako na ya jirani yako zina sufuria zilezile na ada zilezile za shule, na Bunge linaweza kurekebisha kifungu hicho kwa sentensi moja.

Watoto wako, kwa kuwa wewe ni raia na wamezaliwa hapa, ni raia. Ikiwa kwa upande wa baba wanahesabiwa pia Warundi, wakitimiza miaka 18 watatakiwa kubaki na uraia mmoja, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Kuhusu kizuizi, mume wako asisafiri bila kibali chake cha ukaazi au hati nyingine halali aliyo nayo, na wewe ubebe nakala ya cheti cha ndoa. Lakini sitaki kukujibu kana kwamba kosa ni lenu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na tangu ukoloni watu wamevuka mpaka huu kulima, kuoa na kuzika; ndiyo maana mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu uliopita Kigoma, Kagera na Geita, wapo waliosombwa wakidai kwamba walikuwa na miongo hapa au kwamba wao ni Watanzania. Mtu hatambuliwi uraia kwa lafudhi wala kwa sura. Ofisa akiwa na shaka, aandike jina, ampe mhusika karatasi ya kuripoti mchana katika ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, na basi liendelee na safari likiwa na baba ndani yake.

SWALI: Nauza mawese na vitenge kati ya Manyovu na upande wa Burundi. Wenzangu hupita njia za panya kwa sababu wanasema mpakani ni usumbufu. Nifuate nini?
Mfanyabiashara, Buhigwe

JIBU: Pita mpakani. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya upo utaratibu rahisi wa cheti cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha bidhaa imezalishwa wapi, kinachotolewa hapohapo mpakani. Mawese ya Kigoma yanaingia humo bila shida. Vitenge angalia vimetengenezwa wapi. Wewe mwenyewe uwe na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda kutoka Uhamiaji. Kila unapolipa, dai risiti, na ukiambiwa hakuna risiti, uliza jina la anayekuambia hivyo.

Wenzako hawapiti porini kwa kupenda. Mwanamke mwenye dumu la mawese kichwani akisimamishwa saa tatu juani, bila choo na bila askari wa kike wa kumpekua, kesho atapita kwenye migomba ya mtu, na huko hakuna wa kumlinda akinyang'anywa mzigo. Vituo vya huduma za pamoja mpakani, ambapo msafiri hugongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja, vimekwisha kuonyesha kule Kabanga, upande wetu, na Kobero, upande wa Burundi, kwamba inawezekana. Msafiri mwenye mzigo mdogo awekewe dirisha lake hapo, asipange foleni moja na malori.