Apande uzani au abaki?

Kaka, umeuliza kama bondia wako wa kilo 61.2 apande moja kwa moja hadi welta, kilo 66.7, kwa sababu mashabiki wa Kariobangi, Nairobi, wanasema hajathibitisha ukubwa wake. Asiruke. Kati ya hapo kuna kilo 63.5, aanzie hapo.

Mpime kila asubuhi kabla hajala, kwa wiki tatu, akiwa mazoezini bila kujinyima. Mizani ikisoma kilo 66 au 67, anafaa 63.5. Ikisoma 63, aachwe alipo. Wapinzani wa huko juu watashuka kutoka kilo 73 na kumlemea ulingoni.

Aongeze nusu kilo kwa wiki, si zaidi, kwa mayai, maharagwe, omena na mazoezi ya vyuma. Akiongeza haraka anajaza mafuta, na miguu inakufa raundi ya sita. Kisha apigane mazoezini na watu wa kilo 68 hadi 70, glavu za aunsi 16. Mtazame hasa wakikumbatiana: akisukumwa kambani kila mara, hayuko tayari, hata kama ngumi zake zinafika. Hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Bondia Roberto Durán wa Panama alipanda hadi welta akampiga Sugar Ray Leonard mwaka 1980, lakini kwanza alikuwa amepigana zaidi ya mwaka mmoja kwenye uzani huo. Bondia Mikey Garcia alipanda madaraja mawili kwa mkupuo mwaka 2019, kutoka kilo 61.2 hadi welta. Errol Spence, bingwa wa welta, akamshinda raundi zote 12, bila hata kumwangusha.