Mjusi wa ukutani au geko wa kununua?

Dadangu, umeuliza kama kijana wako wa miaka kumi anaweza kushika mjusi kafiri pale ukutani amfuge, ama mnunue geko, yaani mjusi wa kufugwa nyumbani. Yule wa ukuta mwacheni tu ale mbu, anaogopa watu na ukimkamata vibaya anakuachia mkia mkononi ukirukaruka, mimi nilishaonyeshwa hiyo sinema. Wa kuanzia ni leopard gecko, asili yake ni pande za Pakistan na Afghanistan, ametulia, ana kope anafumba macho kabisa akilala, na hapandi kioo. Lakini kabla utoe pesa ongea na KWS, shirika la wanyamapori, kuhusu kibali na umuulize muuzaji makaratasi, hapa Kenya hiyo si mambo ya kubahatisha.

Shida kubwa Nairobi ni baridi, hasa Julai. Upande mmoja wa tangi la kioo utakalomfugia uwe nyuzi 32 hivi, ule mwingine kama 25, na hita iwe na themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, la sivyo utamchoma tumbo. Stima ikipotea funika tangi na blanketi lakini acha pa kupumulia. Chini weka tishu za jikoni, mchanga hapana, akiumeza unaweza kumziba matumbo.

Chakula ni nyenje walio hai, wasizidi upana kati ya macho yake, umewapaka unga wa kalsiamu. Sukuma wiki hali. Na muulize kijana kama yuko tayari kwa miaka 15, maana huyu ataishi mpaka yeye amalize chuo.