Unamodel mashapo ya chumvi? Usikisie chumvi gani itatuama

Wengi wakianza kumodel chumvi zinavyotuama kwenye mmumunyo wanaanzia kwenye Ksp (namba inayoonyesha chumvi inaweza kuyeyuka kiasi gani), kila chumvi inaandikiwa ekwesheni yake afu zote inaachiwa njia ya Newton (ya kukaribia jibu hatua kwa hatua) izitatue. Chumvi ikiwa moja, sawa kabisa. Zikiwa nyingi ndo shida inaanza, manake ile ekwesheni ni kweli tu kama chumvi ipo, na wewe bado hujui kama ipo, kwa hiyo unakisia, hii ipo hii haipo, unarun, zinatoka moli hasi za jasi (salfeti ya kalisi), unaitoa, unarun tena, na chumvi 10 tu zina michanganyiko 1024 ya kukisia.

Acha kukisia. Chukua nishati huru ya Gibbs (ile inayofika chini kabisa mchanganyiko ukishatulia) ya vyote vilivyomo, ioni, maji na kila chumvi inayowezekana, jumlisha, afu mwambie solva (programu ya kutafuta jibu) aishushe mpaka chini kabisa. Masharti ni kwamba atomi za kila elementi zisiongezeke wala kupungua, chaji zijifute, na kiasi cha kitu chochote kisiwe hasi. White, Johnson na Dantzig waliandika wazo hilo 1958 kwa michanganyiko ya gesi, Dantzig huyu huyu wa algoriti ya simplex. Ninachokipenda mimi hapa ni kwamba solva ndo anaamua mwenyewe: ama chumvi ni sifuri na mmumunyo haujapita ushibe, ama chumvi ipo na mmumunyo umeshiba barabara.

Sasa hapa uwe makini sana. Kilo moja ya maji ina moli 55.5 hivi, wakati bariamu inayobaki ukishamwaga salfeti ya kutosha inaweza kuwa moli 10⁻⁸. Solva akiwa ameruhusiwa kosa la 10⁻⁶, hiyo bariamu yote imepotelea ndani ya kosa, anakwambia nimemaliza vizuri kumbe jibu halina maana. Ioni ziweke kwenye logi, na kosa lipime kwenye logi ya Ksp, sio kwenye moli peke yake. Chumvi ngumu usizitie logi, hizo lazima ziweze kufika sifuri kabisa, we zipe tu mpaka wa chini, algoriti za interior point (zinazotafuta jibu zikipita ndani ya mipaka) zinazimudu.

Kabla ya mradi mkubwa jaribu kloridi ya fedha. Ksp yake ni 1.8×10⁻¹⁰, kwa hiyo kloridi iliyobaki ikiwa moli 0.01 kwa lita, ioni ya fedha iwe karibu 1.8×10⁻⁸. Afu ongeza ile ioni ya fedha iliyoshika kloridi mbili, na ile jozi isiyo na chaji (fedha moja na kloridi moja, ila imeyeyuka), urun tena: fedha yote iliyoyeyuka inapanda mara makumi. Yaani orodha ya vitu ulivyoweka inaweza kubadilisha jibu kuliko algoriti yoyote utakayochagua!

Kuhusu aktiviti (ukolezi uliorekebishwa kwa sababu ioni zinavutana na kusukumana), fomula ya Davies inatosha mpaka nguvu ya ioni (kipimo cha wingi wa ioni na chaji zake) kama 0.5 hivi, maji ya bahari yenyewe yako 0.7, na kwa maji ya chumvi kali nenda kwenye ekwesheni za Pitzer moja kwa moja. Ila ukishaziweka hizo huna tena uhakika kwamba bonde la nishati, yaani sehemu ya chini solva anapoweza kutua, ni moja, kwa hiyo anzia sehemu tofauti tofauti uone kama unatua palepale.

Lingine ni dolomaiti, madini ya kabonati yenye kalisi na magnesi. Maji ya bahari yameishapita ushibe wake, model itakutolea dolomaiti kila ukirun, lakini baharini haitoki hivyo, kasi yake ni ndogo mno na nishati ya Gibbs haijui habari ya kasi. Mimi huwa narun na madini yote, afu narun tena nikiwa nimetoa yale yanayochelewa, na indeksi ya ushibe (ikiwa juu ya sifuri mmumunyo umepita ushibe) ya niliyoyatoa naichapisha pembeni. Dolomaiti ikiwa juu ya sifuri sina wasiwasi nayo, ila jasi haichelewi hivyo, kwa hiyo ikiwa juu ya sifuri najua kuna chumvi haijarudishwa kwenye orodha.