Kabla hujatuma arbuni ya ndege ya Kirusi, omba fomulari, daftari la historia yake

Juma lililopita niliweka picha ya Yak-52 yetu, ndege ndogo ya mafunzo ya Kisovieti ninayoimiliki na wenzangu hapa Uingereza, ikiwa angani, na tangu siku hiyo simu haijatulia. Wengi wametoa pongezi, nawashukuru sana. Ila ujumbe mmoja ulinikalisha kitako. Kijana wa Arusha anayefanya kazi Sharjah ameona Yak-52 inauzwa Ulaya Mashariki, rangi inang'aa, injini "ina saa chache", bei haifiki ya Cessna 172 (ndege ndogo ya Kimarekani) iliyo nzuri. Dalali anataka arbuni kabla ya Ijumaa. Anauliza, "Kaka, nitume?"

Nilimjibu palepale asitume hata senti. Hapa nataka kueleza sababu, kwa sababu najua hayuko peke yake. Ukishaipenda ndege ya aina hii huwezi kuisahau, na madalali wanalijua hilo kuliko sisi.

Yak-52 ilibuniwa na ofisi ya Yakovlev miaka ya 1970 na kuundwa Bacău, Romania. Zilitoka zaidi ya 1,800. Nyingi zilikwenda DOSAAF, kile chama cha Kisovieti kilichofundisha vijana urubani, kuruka kwa mwavuli na mengineyo. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini ya M-14P ya silinda tisa zilizopangwa duara, nguvu za farasi 360. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, vilabu vilikaukiwa fedha na ndege zikaanza kuuzwa kwenda Magharibi, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana leo unazikuta Uingereza, Marekani, Australia na Afrika Kusini.

Chanzo cha matatizo yote nitakayoyasema ni kwamba ndege hii iliundwa kwa ajili ya dola, ifundishe marubani wa dola hiyo, itunzwe na mafundi wake kwa vitabu vyake. Haikuundwa ili mtu binafsi wa London au Houston ainunue, kwa hiyo haikupitia njia ya cheti cha aina, yaani uthibitisho wa mamlaka kwamba muundo wa ndege unafikia viwango, ambayo Cessna au Piper ilipitia kwenye nchi hizo. Bila cheti cha aina huwezi kupewa cheti cha kawaida cha ubora wa kuruka. Utakachopewa ni kibali, na kibali kina masharti.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Usajili na ruhusa ya kuruka ni vitu viwili tofauti. Usajili unasema ndege ni ya nani na ina uraia gani. Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga unaeleza kuwa ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili, na haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kama Yak unayoitaka ina herufi za LY za Lithuania, HA za Hungaria au RA za Urusi, lazima kwanza ifutwe huko, na nchi hiyo itoe uthibitisho wa kufuta. Dalali akikwambia, "Sajili tu kwenu, huku tutafuta baadaye," huyo hakutakii mema.

Sisi usajili wa Uingereza tuliupata bila jasho. Herufi ya G ikachorwa ubavuni, tukapiga picha, tukapongezana. Halafu ndege ikakaa chini.

Nisimulie hili kwa urefu, kwa sababu bado linaniuma. Tangazo lilisema injini ilikuwa na saa chache za kazi tangu ovaholi (kufunguliwa na kukarabatiwa upya), na tulitumiwa nakala za kurasa zinazoonyesha hivyo. Mwenzetu alisafiri akaiona, akairuka, akaridhika. Fedha zikalipwa. Ndege ilipofika kwetu, mkaguzi aliyepewa kazi ya kuandaa maombi ya kibali alifungua kifuniko cha injini, akamulika tochi, akasoma namba iliyogongwa kwenye kibati, kisha akafungua daftari la injini. Namba hazikufanana. Akasoma tena kwa sauti, tarakimu moja moja, mimi nikiwa nimeshika daftari. Hazikufanana. Injini tuliyoionyeshwa kwenye karatasi ilikuwa imeshuka, na nyingine imepandishwa mahali pake kabla ya ndege kuondoka. Hii iliyopandishwa haikuwa na historia yoyote.

Muuzaji sitamtaja. Simu alipokea mara ya kwanza, akasema ni makosa ya uandishi. Baada ya hapo hakupokea tena. Hakuna aliyetusaidia, na waliocheka walikuwepo, tena wengine ni Waswahili wenzetu hapahapa, wakisema Mrusi hauzi ila chuma chakavu. Leo ndege inaruka na wao wanaomba nafasi ya kiti cha nyuma. Sina kinyongo, lakini nakumbuka.

Injini isiyo na historia kwa mkaguzi ni injini isiyojulikana saa zake, na isiyojulikana saa zake haipati kibali. Tukaipeleka ovaholi. Nitayaruka yale ya foleni ya karakana, forodha na fedha za kukopeshana kati yetu wamiliki, hayana funzo lolote zaidi ya uvumilivu. Injini ilirudi na daftari jipya, kila ukurasa umegongwa muhuri, na mwezi huu tumepata cheti chetu cha uhalali, kile cha kila mwaka kinachofuata kibali.

Sasa twende kwenye fomulari, ndilo neno ninalotaka ukariri. Kila fremu (mwili wa ndege) ya ndege ya Kisovieti na kila injini ilitoka na daftari lake, fomulari. Vifaa vidogo kama panga boi vilikuwa na pasipoti. Ndani yake, kwa Kirusi, mara nyingi kwa mwandiko wa mkono, kuna safu za saa tangu kuundwa, saa tangu ukarabati, idadi ya kutua, na matengenezo yote pamoja na mihuri ya aliyeyafanya. Mfumo wao uliipa ndege muda wa kuishi kwa saa, kwa kutua na kwa miaka, na kinachotangulia kuisha ndicho kinachohesabiwa. Ndege inaweza kuwa imeruka kidogo sana na bado ikawa imeisha muda kwa miaka tu, hata kama imelala bandani imefunikwa.

Usiridhike na nakala. Omba fomulari halisi, zote, uziweke mezani. Tazama kama kuna pengo la miaka, hasa kuanzia 1991 hadi ndege ilipotoka nje. Pengo ni kitu cha kawaida, vilabu vilikuwa vinakufa na waandishi hawakuwa wakilipwa, lakini kila mwaka usio na maandishi utakugharimu ukaguzi. Chukua namba ya fremu pia. Kwenye Yak-52 tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa kuundwa, zinafuatiwa na namba ya fungu la uundaji na nafasi yake ndani ya fungu hilo. Namba inayoanza na 83 ikiuzwa kama ndege ya 1989, funga mazungumzo. Na kama husomi Kirusi, mlipe anayesoma. Usimtegemee dalali akutafsirie.

Kuna jambo jingine la kutazama ana kwa ana siku ya kwenda kuiona. Injini za duara, mafuta ya kulainisha hushuka taratibu ndege ikiwa imelala na kujikusanya kwenye silinda za chini. Mafuta hayabanwi kama hewa. Ukiwasha injini ikiwa hivyo, pistoni inagonga mafuta na konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Inaweza isivunjike siku hiyo. Itavunjika siku nyingine, ukiwa juu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwasha, swichi za magneto (zinazotoa cheche za injini) zikiwa zimezimwa, panga boi linazungushwa kwa mkono, ubapa baada ya ubapa, polepole, na mkono unasikiliza. Likigoma hulisukumi, plagi za chini zinafunguliwa, mafuta yanachuruzika kwenye beseni. Muuzaji akitaka kukufurahisha kwa kupanda na kuwasha papo hapo bila kuzungusha, mshukuru kwa chai yake uondoke. Anavyofanya mbele yako ndivyo alivyofanya miaka yote ukiwa haupo.

Na huyu hawashwi kwa betri. Yak-52 ni ndege ya upepo uliobanwa: injini inawashwa kwa upepo, breki ni za upepo, magurudumu yanapandishwa na kushushwa kwa upepo, kutoka kwenye mitungi ya shinikizo la takriban kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Mitungi hiyo inazeeka na kushika kutu kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na inatakiwa kutolewa na kupimwa kwa ratiba. Uliza cheti cha kipimo cha mwisho. Kisha uliza habari za boriti za mabawa. Ndege hii imeruhusiwa kubeba hadi mara 7 ya uzito wake kwenda juu na mara 5 kwenda chini, na vijana wa DOSAAF walizitumia hizo g (vipimo vya mzigo huo) zote. Uchovu wa chuma hauonekani kwenye rangi mpya.

Masharti yanategemea mahali ulipo. Hapa Uingereza kwa miaka mingi Yak zilikaa kwenye usajili wa kigeni hadi mamlaka ya anga, CAA, ilipoanza kuzipa kibali cha kuruka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa kibali kinafuatwa na cheti cha uhalali cha kila mwaka, na ndani ya ndege lazima pabandikwe onyo kwamba haijathibitishwa kwa viwango vya kimataifa. Marekani wanaziweka kwenye daraja la majaribio, tawi la maonyesho. Neno EXPERIMENTAL linaandikwa karibu na mlango kwa herufi za kimo cha inchi 2 hadi 6, na mmiliki anaieleza FAA, mamlaka yao ya anga, kwa barua ataitumia wapi na kwa maonyesho gani. Afrika Kusini wana mfumo wa ndege zisizo na cheti cha aina, herufi zao zinaanza na ZU, na badala ya cheti cha ubora wa kuruka hutolewa idhini ya kuruka. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, hao ndio wa kwenda kujifunza kwao kwanza.

Wewe wa Dar, Nairobi au Entebbe, andika barua kwa mamlaka yako kabla ya kununua. Taja aina ya ndege, namba ya fremu, mwaka, na ukweli kwamba haina cheti cha aina cha Magharibi, uulize itasajiliwa kwa msingi gani na itapewa kibali gani. Usipige simu, andika, upate jibu lililosainiwa. Afisa aliyekuambia "haina shida" kwa mdomo anaweza kuhamishwa kesho, na konteina yako iko bandarini inahesabiwa siku. Na usijitetee kwa Antonov, ndege za Kisovieti zilizozoeleka Goma na Bukavu, Kongo. Zile ni za biashara ya mizigo na abiria, zina njia zao za vyeti na matatizo yao wenyewe.

Spea nazo zimekuwa mtihani. Tangu Februari 2022 na vikwazo vilivyofuata, hatuwezi kutegemea tena mzigo wa moja kwa moja kutoka Urusi. Bahati yetu Yak-52 ni mzaliwa wa Romania, na panga boi la mbao la asili wengi wamelibadilisha kwa lile la ubapa tatu la kampuni ya MT ya Ujerumani. Lakini kila kifaa kisicho cha asili kinahitaji kuidhinishwa kwenye kibali chako. Usifunge kwanza ukaomba baadaye. Tafadhali sana kwenye hili, kwa sababu kifaa kimoja kisichoidhinishwa kinaweza kubatilisha kibali, na bima ikisoma hivyo haitakulipa.

Vijana, nisikieni. Tunapenda kuonekana. Tunaweka picha ya ndege kabla ya kuweka fedha ya ukaguzi. Mtu yuko tayari kutoa akiba ya miaka yake yote kwa sauti ya injini aliyoisikia kwenye video, lakini kumlipa mkaguzi huru asafiri siku mbili akaione ndege anaona ni kupoteza pesa. Mlipe. Mchague mwenyewe, asiwe rafiki wa muuzaji, na akupe ripoti kwa maandishi yenye namba zote za vibati. Weka kwenye mkataba kwamba injini, panga boi na fremu zitakazokabidhiwa ni za namba hizo hizo, na sehemu kubwa ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka zisomwe tena siku ya makabidhiano.

Mwisho, wengi mmeniuliza kama tutaipeleka Yak Ulaya bara kiangazi hiki. Kibali cha kuruka hakivuki mpaka chenyewe. Ule wajibu wa nchi kutambuliana vyeti vya ubora wa kuruka unahusu vyeti vinavyofikia viwango vya kimataifa, na chetu hakimo humo. Kila nchi tutakayopita lazima iombwe ruhusa, na kila moja ina masharti yake ya siku za kukaa na maeneo ya kuruka. Maombi ya Ufaransa tumeshayatuma pamoja na nakala za kibali, cheti cha uhalali na bima. Wakijibu nitawaandikia walichotaka.