Pedi ya PS2 ikianza kujibonyeza yenyewe, usiitupe

Chumbani kwangu hapa Mwanjelwa nina ndoo mbili za pedi mbovu, vile vishikio vya kuchezea gemu za PlayStation 2 (PS2). Nyingi nimezitoa kwa mafundi na wenye mabanda ya gemu waliokwisha kukata tamaa nazo. Nawaambia vijana kila siku: ukiwa na hela kidogo, nunua pedi halisi iliyokufa kabla ya ile mpya ya kuigwa. PS2 ilitoka mwaka 2000, uzalishaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. Halisi zilizobaki ni hizi hizi zinazozunguka mitaani, na ikitupwa moja ndiyo basi.

Kuijua halisi, ifungue. Nyingi za kuigwa ubongo wake, yaani chipu, umefunikwa na tone jeusi la gundi ngumu, na mota za mtetemo ni nyepesi au hazimo kabisa.

Ukishafungua nyingi utaanza kujua hata zilikotoka. Za Mafinga nakuta unga wa mbao umejaa chini ya vitufe vya mishale. Za Tukuyu, kwa mvua ile, zinakuja na kutu ya kijani kwenye viunganishi. Maganda na raba osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Bodi isugue kwa spiriti na mswaki laini. Kisha acha vikauke siku nzima, na Julai hapa Mbeya viache siku mbili.

Ugonjwa mkubwa wa pedi ya PS2 ni kujibonyeza. Mchezaji anakimbia mwenyewe, menyu inashuka bila kuguswa, au vitufe vinne vinakufa kwa mpigo. Watu hudhani ubongo umeungua. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, na mwisho wa utepe huo haukuchomewa kwenye bodi, umekandamizwa tu na kipande cha sponji. Miaka ikipita sponji inalala, utepe unaacha kugusa vizuri, na pedi inapata wazimu. Futa ncha za utepe na sehemu zake kwenye bodi kwa spiriti, halafu ongeza unene nyuma yake: karatasi iliyokunjwa au matabaka mawili ya tepu ya kunata ya mafundi umeme. Anza na wembamba. Mimi niliwahi kuweka kipande kinene, nikalazimisha skrubu, utepe ukapasuka na pedi nzuri ikaishia kuwa ya vipuri.

Analogi, yaani kijiti cha kidole gumba, inayovuta upande mmoja ni habari nyingine. Kila kijiti kina vipimo viwili vya ukinzani, vya kilo-omu 10 kila kimoja. Weka mita ya fundi, ikiwa kwenye kupima ukinzani, kwenye mguu wa kati na wa pembeni wa kipimo: kijiti kikiwa kimetulia usomaji uwe karibu na nusu ya hizo 10. Ukirukaruka unapokisogeza polepole, njia ya kaboni imelika. Toa kipimo kwenye pedi nyingine iliyokufa. Ndiyo maana situpi hata iliyovunjika ganda. Waya nao hukatikia pale unapoingia kwenye pedi. Kata sentimita 5, unganisha upya, ila usiamini rangi za nyuzi, kwa kuwa za kuigwa kila moja ina mpangilio wake. Pima kila uzi na mita mpaka kwenye plagi. Nilipopuuza hilo niligusisha uzi wa umeme na wa ardhi, fyuzi ndogo ndani ya PS2 ikaungua na milango yote miwili ya pedi ikafa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote niliifanya kwa ajili ya mpwa wangu wa Uyole. Mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu kuzaliwa. Wenzake walikuwa wakimpa pedi isiyochomekwa ili ajione anacheza, na aliligundua hilo mapema kuliko walivyodhani. Siku moja akaniambia, "Mjomba, na mimi nataka kupiga goli la kweli."

Kwa kazi hiyo usichukue pedi ya PS2, maana vitufe vyake vinapima nguvu ya kidole na haviungiki kirahisi. Tafuta ile ya kwanza ya PS1, mashine iliyoitangulia PS2, isiyo na analogi. Inaingia kwenye PS2 na inacheza gemu nyingi, ingawa si zote. Kila kitufe chake ni sehemu mbili za bodi zinazounganishwa na raba. Mita itakuonyesha upande ulio wa pamoja kwa vitufe vyote. Upande wa pili ni wa kitufe chenyewe. Chomelea waya pande zote mbili na umeshahamisha kitufe popote unapotaka.

Nilitumia waya wa mtandao wa kompyuta kwa kuwa una nyuzi 8: mmoja wa pamoja, 7 za vitufe. Vitufe vipya ni vya kengele ya mlango, vikubwa na vyepesi, nikavifunga kwenye ubao wa msonobari. Pasi na shuti vikakaa mezani karibu na kiwiko chake cha kulia, maana kiwiko anakitawala vizuri. Kukimbia nikakupeleka chini, mguuni. Mishale ikabaki kwenye pedi, mkono wa kushoto. Usipange kwa akili yako mwenyewe. Mwache mtoto akae, abonyeze ubao mtupu, nawe uweke alama anapofika bila kujivuta. Nilipanga peke yangu mara ya kwanza na ikabidi nitoboe ubao upya.

Sasa anacheza na wenzake, na pedi imechomekwa. Kitufe cha mguuni kimeshakufa mara mbili, kwa kuwa anakikanyaga toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Nimekibandikia kipande cha kandambili juu, na dada yangu nimemwachia vingine vitatu vya akiba.