Jikoni: Mnauliza, Tunajibu

Tangu nihame kutoka chumvi laini kwenda ile ya chengachenga, kijiko changu kilekile kinatoa mchuzi dufu. Chumvi hii ni dhaifu?

Hapana. Chumvi ni ileile, kilichopungua ni uzito. Chenga zikikaa kijikoni huacha mianya ya hewa. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina takriban gramu 6. Cha chumvi nyepesi ya vipande bapa huenda kisifike hata gramu 4. Kijiko hudanganya, mizani haidanganyi. Kwa nyama isiyo na mfupa anza na gramu 10 kwa kila kilo, na kwa supu au mchuzi gramu 8 kwa lita.

Lita hiyo ni ya mwisho, si ya mwanzo. Ukitia gramu 16 katika lita 2, kisha chungu kikachemka hadi ikabaki lita 1, maji yametoka na chumvi imebaki yote: ukali umekuwa maradufu. Tia nusu mapema iingie ndani ya vipande, nyingine uitie mchuzi ukishakuwa mzito, huku ukionja.

Ndugu mhariri, ni kweli kiazi kibichi hunyonya chumvi iliyozidi?

Kiazi hunyonya mchuzi pamoja na chumvi yake. Ukikitoa, kilichobaki chunguni kina ukali uleule, ila kimepungua. Dawa ni kuongeza wingi. Lita 1 yenye gramu 15 ukiiongezea nusu lita ya maji hushuka hadi gramu 10 kwa lita. Viungo vingine navyo vitapoa, kwa hiyo viongeze. Ndimu huuzubaisha ulimi kidogo tu, chumvi haiendi popote.

Pilipili manga yangu ya unga inawasha lakini hainukii. Nimeuziwa mbovu?

Huenda ni kuukuu tu. Ukali wake unatokana na piperini, ambayo haitoroki upesi. Harufu ni ya mafuta mepesi yaliyomo ndani ya punje, na punje ikishasagwa mafuta hayo huanza kupotea hewani. Kwa hiyo nunua punje nzima, usage unapopika, na uitie dakika za mwisho. Kwa supu ya kuchemka muda mrefu, zigonge punje kinuni mpaka zipasuke tu. Unga uliochemka saa nzima huacha mwasho bila manukato. Kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali unga huungua na kuwa mchungu, basi nyama ya kukaanga inyunyizie ikishaiva.

Pilipili manga nyeupe ni ya mmea huohuo: tunda lililoiva huloweshwa hadi ganda la nje litoke, na sehemu ya harufu huondoka na ganda hilo. Inafaa mchuzi mweupe usiotakiwa madoa. Kwingine, nyeusi.

Kwa nini chumvi inaganda kwenye kikopo cha matundu?

Kwa sababu mnakinyunyiza juu ya chungu kinachofuka mvuke. Mvuke hupanda, huingia matunduni na kulowesha punje, zikikauka zinashikana. Mimina kiganjani kwanza, mbali na moto. Punje chache za mchele mkavu husaidia, lakini zibadilishwe zikishalainika. Akiba iwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jua, hasa chumvi yenye madini joto, maana unyevu na mwanga huyapunguza.