COD ya bahari inashuka mvua zikija, ina maana mvua inasafisha?

Swali: Tunapima COD (kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza uchafu wa majini kwa kemikali) ya maji ya ghuba kila miezi mitatu kwa vile vichupa vya kuchemsha. Kiangazi inafika 600 mg/L, mvua zikianza inashuka chini ya 300. Mkuu wangu anasema mvua inaosha uchafu, na kuna watu wanatuuzia unga wa bakteria, wanasema tukiumwaga mwisho wa kiangazi itashuka zaidi. Tununue?

Jibu: Msinunue. Na kabla hata ya huo unga, hizo namba zenyewe ndo tatizo, maana hili swali naletewa kila mara, watu wanabadilisha ghuba tu.

Daikromati, ile kemikali ya kuoksidisha iliyomo kwenye kichupa, haichagui, inakula chochote kinachoweza kuoksidishwa, na kloraidi ya chumvi imo kwenye hiyo orodha. Maji ya bahari yana kama gramu 19 za kloraidi kwa lita, ikiliwa yote inakupa COD ya zaidi ya 4,000 mg/L hata kama uchafu haupo kabisa. Zebaki iliyowekwa mle ni ya kuizuia, ila vichupa vingi vinahimili kloraidi mpaka 2,000 mg/L tu, kasomeni kibandiko. Sasa linganisha na mnachokitafuta: maji ya kawaida ya pwani yana kaboni ogania (ile itokanayo na vitu hai) iliyoyeyuka kama miligramu 1 hadi 3 kwa lita, ukiigeuza kuwa COD ni kitu kama 3 hadi 8. Mkiyazimua mara kumi ili chumvi ipungue, hako kadogo nako kanapotea. Yaani miaka yote hiyo mmekuwa mkipima chumvi.

Ndo maana inashuka mvua zikija. Mto unamwaga maji yasiyo na chumvi, chumvi inapungua, namba inaanguka, watu wanafurahi, na wakati huohuo mto huohuo umebeba majani yaliyooza, udongo na maji ya vyooni, kwa hiyo kaboni ogania kwa kawaida imepanda, haijashuka. Chujeni lita moja siku hizo muone wenyewe: filta inabaki na tope la kahawia, halafu maji yaliyopita chini bado yana umanjano kama chai nyepesi. Umanjano huo ni kaboni iliyoyeyuka ya majani na udongo, haushikwi na filta. Rudini miezi ile mwani mdogo wa kuelea unapochanua, filta inakuwa kijani na inaziba hata nusu lita haijaisha, ukiibana na kibano unausikia ute.

Na huo ute ndo unaonifikisha kwenye unga. Virutubisho vikiisha mwani hauachi kutengeneza sukari, unazimwaga majini, na bakteria wanashindwa kuzimaliza kwa sababu fosforasi au naitrojeni imewaishia na wao. Kwa hiyo mara nyingi kaboni iliyoyeyuka inafika kilele wiki kadhaa baada ya kijani kuondoka, maji yakiwa maangavu na kila mtu anasema bahari imetakata. Ikizidi sana, na bahari ikiwa ya joto na imetulia, mnapata kama ule ute uliofunika Bahari ya Marmara, Uturuki, mwaka 2021. Hapo bakteria hawakosekani hata kidogo, mililita moja ya maji ya pwani ina bakteria kama milioni moja! Wenyeji wote hao wamekwama kwa kukosa fosforasi au naitrojeni, nyie mnawamwagia wageni kutoka kwenye mfuko, tena na ule unga waliofungiwa nao ambao wenyewe ni kaboni ogania na utakula oksijeni.

Cha kufanya: achaneni na COD kwa maji ya chumvi, pelekeni sampuli kwenye maabara yenye mashine ya TOC (ya kupima kaboni ogania yote) inayochoma kwa joto kali (nyuzi 680 hivi na kichocheo cha platini) na waambieni mapema kwamba ni maji ya bahari. Pimeni chumvi kila mnapochota, kila mwezi, mwaka mzima, sio mara nne. Kisha chora kaboni dhidi ya chumvi kuanzia mtoni mpaka baharini. Nukta zikikaa kwenye mstari mnyoofu ni maji mawili yanachanganyika tu, zikiruka juu ya mstari kuna kitu kinaongeza kaboni hapo katikati, iwe mwani au bomba la mtu, na hapo ndo mkachunguze.

Hawa wauza dawa za maji wananikera kwa sababu wanajua msimu kuliko wateja wao. Unga unamwagwa mwisho wa kiangazi, sampuli ya "baada" inachotwa mvua zishanyesha, namba imeshuka nusu, ankara inalipwa. Wengine wanafanya hivyohivyo kwa mapovu na kwa rangi ya maji, vitu ambavyo vingeondoka vyenyewe upepo ukigeuka na maji ya chini yakapanda kuchanganyika na ya juu. Wakija tena waulizeni ile ya "kabla" ilichotwa mwezi gani na chumvi ilikuwa ngapi, na ya "baada" vilevile. Nimewauliza wengi, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha karatasi yenye kipimo cha chumvi.